Kukatika, Kukatwa na Kukatikakatika: Istilahi za Hitilafu za Intaneti Nyumbani

Miongoni mwa maandiko yanayoletwa kwetu ili yapate tafsiri sanifu, siku hizi imo miongozo ya wateja wa intaneti. Ni vijikaratasi vya kurasa mbili tatu vinavyofungashwa pamoja na kifaa, vyenye maelekezo ya nini mteja afanye mawasiliano yake yanapopotea. Huenda msomaji akadhani kwamba kazi hii ni nyepesi ikilinganishwa na istilahi za sheria au za tiba. Sivyo hata kidogo. Mwongozo wa namna hiyo husomwa na mtu mwenye haraka, aghalabu usiku, naye hana wa kumwuliza. Neno likimpotosha, hasara ni yake.

Mmoja wa miongozo hiyo ulitufikia ukiwa na maneno yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu na mwalimu mmoja wa Turiani, mkoani Morogoro. Mwongozo ulimwagiza, kila intaneti ipoteapo na kurudi, akaze kiunganishi cha “waya mviringo” kilichomo ukutani. Mwalimu alitafuta ukutani asione kitu. Hakuwa na waya wa kukaza: kifaa chake hupokea mawimbi ya mnara wa simu kwa kadi ya laini, kama zifanyavyo simu za mkononi. Mtafsiri alikuwa mwaminifu kwa kila neno la matini ya asili, na tafsiri yake haikumfaa mteja huyo kwa lolote.

Matini ile iliandikwa kwa ajili ya nchi kama Marekani, ambako nyumba nyingi hupata intaneti kwa waya uleule uletao televisheni, kwa utaratibu uliosanifishwa mara ya kwanza mwaka 1997. Waya huo una uzi wa shaba katikati, uliozungukwa na plastiki, kisha wavu wa metali unaozuia mawimbi ya nje yasiuingilie. Kichwa chake hufungwa kwa kuzungushwa kama nati. Kikilegea, ama maji yakipenya, mawimbi ya nje huingia na ishara hudhoofu. Modemu hupoteza mawasiliano, hujaribu kujiunga upya, hufaulu, kisha hupoteza tena. Aidha, waya unapogawanywa ili kuhudumia televisheni ya pili, kila tawi hubaki na nguvu isiyozidi nusu. Kwa hiyo agizo la kukaza vichwa vya waya na kuondoa vigawanyo visivyo na kazi ni agizo la busara kabisa, huko kwenye waya wenyewe. Ama neno “waya mviringo” hatulikubali hata huko. Ni waya gani usio mviringo? Mwenye nao nyumbani huuita waya wa televisheni, nasi twaona hilo latosha.

Mtafsiri wa miongozo hii, kabla hajatafuta neno lolote, yampasa kwanza aulize intaneti inamfikia mteja kwa njia gani: kwa waya wa televisheni, kwa waya wa shaba wa simu ya mezani, kwa faiba, au kwa mawimbi. Turiani imo katika Wilaya ya Mvomero, chini ya Milima ya Nguru, jirani na mashamba ya miwa ya Mtibwa, na kutoka Morogoro mjini ni safari ya takribani kilometa 100. Mteja wa huko akiandika katika fomu ya malalamiko maneno mawili tu, “mtandao hakuna”, na fundi akaletwa kutoka mjini, fundi huyo ataondoka asijue achukue ngazi, kipima mwanga, au kadi mpya ya laini. Akikosea, siku imekwisha na nauli imekwenda.

Neno “mtandao” lenyewe ni sehemu ya tatizo. Kwa matumizi ya kila siku lina maana zisizopungua tatu. Husemwa kwa intaneti yote ya dunia, husemwa kwa kampuni ya simu, kama mtu anapouliza “wewe unatumia mtandao gani?”, tena husemwa kwa nguvu ya mawimbi mahali fulani, kama katika “huku bondeni mtandao haushiki”. Mazungumzo hayaleti shida, kwani wasemaji huonana ama huulizana. Katika fomu na mwongozo, maana hizo tatu zikichanganywa hakuna wa kuzitenganisha. Twashauri intaneti iitwe intaneti, kampuni iitwe mtoa huduma, na nguvu ya mawimbi iitwe ishara au mawimbi. “Mtandao” libakie kwa maana yake ya msingi ya vifaa vilivyounganishwa pamoja, kama vile mtandao wa nyumbani au wa ofisi.

Tukija kwenye vitenzi, lugha yetu ina utajiri ambao watafsiri wengi hawautumii. Matini za kigeni hupenda nomino, na mtafsiri hujikuta akiandika “upotevu wa muunganisho wa mara kwa mara usio endelevu”, fungu la maneno ambalo hatujapata kulisikia kinywani mwa mtu yeyote. Kiswahili hulisema jambo hilo kwa viambishi. Kutokana na mzizi mmoja, -kat-, twapata kukatika, kukatwa na kukatikakatika, na kila kimoja kinaeleza hitilafu tofauti.

Kukatika ni kauli ya kutendeka: jambo limetokea, na mtendaji hatajwi, huenda hata hayupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu upande wa kusini mwa pwani yetu, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Nyaya zilikatika. Kukatwa ni kauli ya kutendwa, na mtendaji yupo ijapokuwa hatajwi: mteja hakulipa, basi huduma imekatwa, au kifurushi kimeisha, na mtambo umemfungia. Vivyo hivyo kwa kuzimika na kuzimwa. Intaneti ya Uganda mwezi Januari 2021, na ya Tanzania mwezi Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, haikuzimika, ilizimwa. Karani wa huduma kwa wateja anayemwandikia mtu “huduma yako imekatika” ilhali anadaiwa, anamfanya akeshe akichomoa na kuchomeka kifaa kisicho na kosa.

Ama kukatikakatika ni uradidi wa kitenzi, kama tulivyo nao katika kutangatanga, kuchekacheka na kusitasita. Uradidi huonyesha kwamba tendo linajirudia, na kila mara halidumu. Hiyo ndiyo hitilafu inayowatesa wateja na mafundi kuliko zote, kwa sababu fundi anapofika huikuta intaneti ikifanya kazi. Wapo waliopendekeza “kwikwi za intaneti”. Twalipenda neno hilo kwa mazungumzo, ila twaona halifai katika fomu. Mafundi magari husema injini “inamisi”, nalo lina maana iyo hiyo, lakini litabaki gereji. Kusuasua tungependa litengwe kwa dhana nyingine: intaneti ipo, haipotei, bali ni ya polepole. Tofauti si ya maneno tu. Intaneti inayosuasua kila jioni huonyesha aghalabu kwamba watumiaji ni wengi kuliko uwezo wa njia, na hapo hapana waya wa kukaza wala kifaa cha kubadili. Inayokatikakatika huashiria zaidi kiungo kilicholegea, ishara iliyo ukingoni, umeme unaoyumba, au kifaa kinachopata joto kupita kiasi. (Kwamba kukatika ni neno pia la uwanja wa ngoma twalijua, na tumekwisha kutaniwa.)

Maneno “ishara iliyo ukingoni” yahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo kiini cha hitilafu za aina hii. Kila kipokeaji kina kiwango cha chini ambacho hakiwezi kusoma ishara iliyo dhaifu zaidi. Ishara ikiwa juu sana ya kiwango hicho, mvua au joto likiipunguza kidogo mteja hatambui. Ikiwa imekaribia kiwango, upungufu uleule mdogo unaizima, na mvua ikiisha inarudi, mfano wa chemli iliyokaribia kuishiwa mafuta, ambayo huwaka mpaka upepo upite. Katika mfumo wa faiba unaotumika sana majumbani, ukomo wa kipokeaji cha kawaida ni dBm -27. Fundi akipima akapata -19 huondoka na moyo mkunjufu. Akipata -26, hata kama intaneti inafanya kazi wakati huo, hana budi kutafuta mahali uzi ulipopindwa mno au kiungio kilipoingia vumbi. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ukikunjwa kwa nguvu kwenye kona ya mlango, mwanga huvuja. Panya nao huguguna nyaya za kila aina, na hapa hatuwasemi wale wa Morogoro waliofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu.

Kwa kuwa hitilafu inayokatikakatika haionekani wakati fundi yupo, ushahidi mkubwa ni saa. Je, hutokea mvua inyeshapo? Pampu ya maji iwashwapo? Mchana jua likiwa kali? Mwongozo mzuri humwambia mteja aandike siku na saa kwa muda wa siku kadhaa. Lakini saa gani? Mwalimu wetu wa Turiani aliandika “saa 2 hadi saa 3”, akimaanisha usiku baada ya chakula, kama mtu yeyote wa kwetu angalivyoandika. Fomu yake ilipoingizwa katika kompyuta ya mtoa huduma, ikasomeka kuwa ni saa mbili baada ya usiku wa manane kwa hesabu ya kigeni, wakati ambapo kumbukumbu za mtambo hazikuonyesha hitilafu yoyote. Akajibiwa kwamba malalamiko yake hayana msingi. Twasisitiza kwa watafsiri na watumishi wanaotunga fomu: popote panapoulizwa saa, yachapishwe maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku ili mteja atie alama, na kubadili hesabu iwe kazi ya mpokeaji. Tena kifaa kilichozimika na kuwaka bila kupata saa kutoka nje huweza kuandika katika kumbukumbu zake tarehe 1 Januari 1970. Mtafsiri asiihesabu kuwa kosa la chapa akaisahihisha. Ni dalili kwamba kifaa kilizimika, yaani huenda tatizo ni umeme.

Kuhusu majina ya vifaa hatutakawia. Kwa kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, tafsiri za programu za kompyuta zimeeneza “kipanga njia”, nalo linafaa katika vitabu vya kiada, kwa maana linaeleza kazi yake. Lakini dukani Turiani mtu akiomba kipanga njia ataulizwa njia ya kwenda wapi. Katika mwongozo wa mteja iandikwe rauta. Faiba nalo limekwisha kuzoeleka, ingawa nchini Kenya ni jina la huduma ya kampuni moja, na mtafsiri anayeandikia nchi zote mbili ajihadhari. Kwa njia kuu ya nchi nzima tunalo mkongo, kama katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Wakata mbao wanalijua neno hilo kuwa ni mti, lakini hatujasikia mtu akivichanganya. Jambo la kuzingatia ni kwamba mkongo si waya wa nyumbani. Mteja akiambiwa “mkongo umekatika” asubiri, maana hana la kufanya. Akiambiwa “faiba yako imekatika”, aangalie kama taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu, kisha apige simu.

Limebaki neno moja ambalo bado halijatulia, na ndilo lenye fedha ndani yake. Katika kila nyumba iliyounganishwa kwa waya pana mahali ambapo waya wa mtoa huduma unakoma na waya wa mwenye nyumba unaanza. Hitilafu ikiwa upande wa nje, matengenezo ni ya mtoa huduma. Ikiwa ndani, mwenye nyumba aweza kutakiwa kulipa. Mikataba tuliyoiona ina “kituo cha utengano”, “pointi ya mwisho” na “sehemu ya kukabidhi”, na mmoja unatumia yote matatu katika ukurasa mmoja. Sisi tunapendekeza mpaka wa huduma, kwa kuwa mpaka ni neno ambalo kila mwenye shamba analielewa, pamoja na ugomvi wake. Wapo wenzetu wanaoona kwamba mpaka ni mstari, na kinachotakiwa hapa ni kisanduku kidogo ukutani. Hao wanapendekeza kisanduku cha mpaka. Tutafurahi kupokea maoni ya wasomaji, hasa mafundi na walimu walioko wilayani, wakitutajia neno wanalolitumia wao wenyewe wanapomwonyesha mteja kwa kidole na kumwambia: mpaka hapa ni wetu, kuanzia hapa ni wako.