Utafiti kwa njia ya ngoma

Utafiti kwa njia ya ngoma ni namna ya kutafuta elimu ambamo mtafiti hutumia mwili wake kama chombo cha kuchunguzia. Unatofautiana na utafiti kuhusu ngoma, ambao unaweza kufanywa na mtu aliyekaa pembeni akitazama, akipiga picha au kusoma hati. Katika njia hii mtafiti hujifunza mwendo, huurudia, hukosolewa na wanaoujua, kisha hueleza alichogundua.

Kwa Kiswahili neno "ngoma" linataja ala, uchezaji na pia shughuli nzima inayokusanya watu. Makala hii inahusu hasa uchezaji.

Msingi wa wazo

Wazo la msingi ni kwamba kuna elimu inayokaa mwilini. Mtu anayejua kuogelea, kutwanga au kusuka ukili mara nyingi hawezi kueleza kwa maneno yote anayofanya, lakini mwili wake unajua. Anayetaka kuielewa elimu hiyo hana budi kujaribu mwenyewe.

Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss alilizungumzia jambo hili katika hotuba yake ya mwaka 1934 kuhusu mbinu za mwili. Alieleza kwamba kutembea, kuogelea na hata kulala hufundishwa na jamii, tena kila jamii ina namna yake. Alitoa mfano wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: askari Waingereza hawakuweza kuchimba kwa mabeleshi ya Kifaransa. Kila divisheni yao ilipochukua nafasi ya divisheni ya Wafaransa, ilibidi mabeleshi 8,000 yabadilishwe.

Utafiti wa ubongo umeunga mkono sehemu ya wazo hilo. Mwaka 2005 wanasayansi huko London walitoa matokeo ya kulinganisha wachezaji wa baleti na wachezaji wa capoeira ya Brazil walipotazama video za michezo yote miwili. Sehemu za ubongo zinazohusika na mwendo zilifanya kazi zaidi mtu alipotazama mchezo aliojifunza mwenyewe. Maana yake, aliyewahi kucheza haoni kitu kilekile na asiyewahi.

Katherine Dunham

Mfano unaojulikana sana ni wa Mmarekani Mweusi Katherine Dunham (1909–2006), aliyekuwa mchezaji na pia mwanafunzi wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1935 alipata ufadhili wa mfuko wa Rosenwald akaenda visiwa vya Karibi: Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti. Mwanaanthropolojia Melville Herskovits alimsaidia kujiandaa.

Huko Jamaika alikaa katika kijiji cha Accompong, kwa Wamaroon, ambao ni wazao wa Waafrika waliotoroka utumwa. Wenyeji hawakumwonyesha mara moja ngoma yao ya kivita iitwayo Koromantee. Aliiona kuelekea mwisho wa kukaa kwake.

Nchini Haiti alijifunza ngoma za dini ya Vodou, akaingizwa katika dini hiyo kwa ibada maalumu. Mojawapo ya ngoma hizo ni yanvalou, ambamo mgongo huenda kama wimbi. Inahusishwa na Damballa, roho anayewakilishwa na nyoka. Kwa Dunham, umbo la mwendo halikuweza kutenganishwa na kazi yake katika jamii. Ndiyo sababu tasnifu yake kuhusu ngoma za Haiti ilichunguza umbo na kazi pamoja.

Matokeo ya safari hiyo hayakubaki katika maandishi tu. Mwaka 1938 alionyesha huko Chicago mchezo wa L'Ag'Ya, uliotokana na ngoma ya mapigano ya Martinique. Pia aliunda mbinu ya mafunzo inayochanganya baleti, dansi ya kisasa na miendo ya Karibi na Afrika. Mbinu hiyo bado inafundishwa. Katika kitabu chake Island Possessed (1969) alieleza ugumu wa kuwa mtafiti na papo hapo kuwa mtu aliyeingizwa katika dini anayoitafiti.

Kuandika mwendo

Tatizo moja la utafiti huu ni kwamba mwendo hupotea mara unapokwisha. Rudolf Laban (1879–1958), mzaliwa wa Bratislava, alitoa mwaka 1928 mfumo wa kuuandika. Alama zake husomwa kutoka chini kwenda juu. Umbo la alama huonyesha upande, rangi yake huonyesha kimo, na urefu wake huonyesha muda. Baadaye Laban alihamia Uingereza, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza miendo ya wafanyakazi viwandani.

Siku hizi video hutumika zaidi. Hata hivyo video huonyesha umbo la nje tu. Haionyeshi uzito, pumzi wala nia ya mchezaji. Kwa hiyo watafiti wengi huweka pia daftari la mazoezi.

Afrika Mashariki na Kati

Bugobogobo ya Wasukuma wa Tanzania huchezwa kwa majembe, na ilitokana na kazi ya kulima kwa pamoja. Mtazamaji jukwaani huona jembe likirushwa kama pambo, lakini anayelishika hujua jinsi uzito wake unavyofuata mapigo.

Nchini Kenya, ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa urithishaji wake ulikuwa unadhoofika. Ngoma ya namna hii huhifadhiwa na wanaoicheza. Wakifa bila wanafunzi, rekodi pekee haitoshi kuirudisha.

Mtunzi wa dansi Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu nchini Kongo mwaka 1974, alianzisha Studios Kabako huko Kinshasa mwaka 2001 na baadaye akaihamishia Kisangani. Katika ghala la makumbusho ya Metropolitan, New York, alikuta sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Alisafiri na jamaa zake hadi kijiji cha Banataba, na mwaka 2017 alionyesha mchezo wenye jina hilo katika makumbusho hayo. Hapo uchezaji ulitumika kuuliza mambo ambayo kumbukumbu za makumbusho hazikuyajibu.

Ukosoaji

Tangu miaka ya 1990 vyuo vikuu kadhaa, kwa mfano nchini Uingereza, Finland na Australia, hukubali kazi ya sanaa kuwa sehemu ya tasnifu ya uzamivu. Wapinzani husema kwamba matokeo yake ni ya mtu binafsi na ni vigumu kuyahakiki. Tena mwili wa mtafiti una mazoea yake: aliyelelewa katika baleti anaweza kuinyoosha ngoma inayotaka kuinama. Watetezi hujibu kwamba mazoea hayo yenyewe huonekana mwalimu anapomkosoa, na kwamba mtafiti anapaswa kuandika hatua zake ili wengine wazijaribu.

Swali lingine ni la umiliki. Ngoma nyingi za jando na unyago si za kuonyeshwa kila mtu. Sindimba ya Wamakonde, iliyohusiana na mafunzo hayo, ilipelekwa katika majukwaa ya taifa baada ya uhuru wa Tanganyika. Miendo ilibaki, lakini sehemu kubwa ya mafunzo haikufika jukwaani. Kwa sababu hiyo mtafiti anayefundishwa ngoma anatakiwa kukubaliana mapema na wenyeji juu ya kipi kitaandikwa, kipi kitachezwa mbele ya watu, na kipi kitabaki kwao.