Gari-nyumba Chini ya Ngome

Gari-nyumba la kawaida, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, huwa na urefu wa mita 6 au 7, upana wa mita 2.3 na kimo kinachokaribia mita 3. Albarracín, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Teruel, mashariki mwa Hispania, una vichochoro ambamo mtu akinyoosha mikono hugusa kuta za pande zote mbili. Juu mambo ni magumu zaidi: orofa zimejengwa zikitokeza mbele ya zile za chini, hata mapaa ya nyumba zinazotazamana yanakaribia kukutana. Dereva anayefuata ramani ya simu bila kuuliza huishia kurudi kinyumenyume kwenye mteremko, huku foleni ikimsubiri.

Wembamba huo una sababu. Mto Guadalaviar hujikunja na kuuzunguka mwamba wa mji karibu pande zote. Upande uliobaki wazi ukazibwa kwa ukuta unaopanda mlima hadi mnara wa Andador. Nafasi ya kujenga ilikuwa finyu, na wapita njia walikuwa watu na punda. Katika karne ya 11 ukoo wa Waberberi wa Banu Razin, ndio walioupa mji jina, ulitawala hapa kama ufalme mdogo unaojitegemea, mpaka watawala wa Almoravid walipoutwaa mwaka 1104. Baadaye mabwana Wakristo wa ukoo wa Azagra, waliobanwa kati ya falme za Castile na Aragón, nao walijilinda juu ya mwamba uleule.

Kuta za nyumba zina wekundu wa udongo uliochomwa. Wekundu huo umo ndani ya plasta yenyewe, kwani jasi ya eneo hilo ina chuma, na mafundi huipaka juu ya fremu za mbao. Casa de la Julianeta, iliyosimama mahali vichochoro viwili vinapokutana, imeinama kila upande. Ukiitazama unajiuliza inashikiliwa na nini. Tangu 1996 taasisi ya Fundación Santa María imekuwa ikikarabati majengo ya mji na kufundisha mafundi. Hiyo ndiyo kazi inayoufanya uwe mji hai badala ya magofu.

Basi gari hubaki chini. Idara ya trafiki ya Hispania, DGT, inatofautisha kuegesha na kupiga kambi: gari lililoegeshwa kihalali halihesabiwi kuwa limepiga kambi, hata watu wakilala ndani, mradi linagusa ardhi kwa magurudumu tu, halimwagi kitu wala halitandazi chochote nje. Ukifungua turubai la kivuli na kupanga viti, umepiga kambi, na hapo sheria za jimbo na halmashauri huanza kukuhusu. Miji kadhaa ya namna hii, Morella wa mkoa jirani ukiwamo, ina viwanja vya magari haya nje ya kuta, penye bomba la maji safi na mahali pa kumwaga maji machafu na tangi la choo.

Viwanja kama hivyo, vinavyoleta wateja, vina maana kubwa Teruel, mkoa wenye takriban watu 9 kwa kila kilomita ya mraba. Vuguvugu la Teruel Existe limekuwa likipigania barabara, reli na huduma tangu 1999, na mwaka 2019 lilipata kiti bungeni. Ila msafiri anayefika na friji iliyojazwa kwenye supamaketi ya pwani huuachia mji takataka tu. Anunue mkate hapo, ale chakula cha mchana hapo, na ikiwezekana aje Novemba, wakati mabasi ya watalii yamekwisha.

Lakini Novemba ina baridi kali. Huko Calamocha, ndani ya mkoa huohuo, kipimajoto kilisoma nyuzi 30 chini ya sifuri Desemba 1963. Mitungi ya rangi ya chungwa inayouzwa vituo vingi vya mafuta Hispania ni ya butani, gesi ambayo karibu na sifuri huacha kugeuka mvuke: hita huzima usiku wa manane na maji huganda mabombani. Propani huendelea kufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo mtungi ubadilishwe kabla ya kuanza kupanda mlima.