Mchezo Unaohesabu Siku

Ndugu msomaji, usicheke ukisikia kwamba mtu mzima wa hapa Dodoma alikesha akicheza mchezo wa video wa mwanawe. Mchezo huo ni Metaphor: ReFantazio, uliotolewa na Wajapani wa Atlus mwezi wa Oktoba, 2024. Mfalme ameuawa, na atakayependwa na watu wengi ndiye atakayetawala. Wewe unakuwa kijana wa kabila dogo linalodharauliwa.

Nilidhani kazi ni kupigana tu. Sivyo! Siku imegawanywa mara mbili, mchana na jioni. Ukiitumia kwenda vitani, hupati nafasi ya kumtembelea rafiki. Tena ziko sifa tano za kujifunza, miongoni mwake ushujaa, hekima na uvumilivu. Na tarehe ikifika, imefika.

Shida ni moja: maneno ni mengi, wala hakuna Kiswahili. Basi mimi nikawa nasoma na kueleza, mwanangu akawa anabonyeza. Mwaka mzima tulikuwa hatujazungumza hivyo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kukataza, keti kwanza karibu naye. Siku zake za utoto nazo zinahesabika.