Kweli au Uongo? Yasemwayo Kuhusu Wanajeshi na Jamaa Zao

Barazani Kinondo, akitajwa kijana aliyeko jeshini, kila mtu ana la kusema. Mengine ni ya haki. Mengine yanawanyima wanajeshi, pamoja na wazazi, wake na watoto wao, shukrani wanayostahili. Tuyapime moja moja.

"Vita ni habari za mbali, huku kwetu havikufika."
UONGO. Mwaka 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, yakipanda pwani kuelekea Mombasa. Oktoba mwaka huo yalipigana na askari wa Uingereza pale Gazi, kusini tu mwa Kinondo. Januari 1916 afisa wa Kiingereza Arthur Wavell, aliyeongoza kikosi cha Waarabu wa pwani, aliuawa Mwele, humu humu Kwale. Ukipita njia ya kwenda Msambweni, unapita palipomwagika damu.

"Waliokufa wote waliandikwa majina."
UONGO. Katika vita hivyo wengi hawakushika bunduki. Walibeba mizigo: chakula, risasi, majeruhi. Hao wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Sanamu ziliwekwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kwa heshima ya wote, lakini majina hayakuandikwa. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda baadhi hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita, na waliosubiri habari za waume na baba zao walikuwa wamekwisha kufa.

"Kila familia ilipata kaburi la kuzuru."
UONGO. Februari 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo, ikiwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili, na watu 1,297 walikufa. Wengi wao kaburi lao ni bahari hii hii tunayovua samaki.

"Kazi ya mwanajeshi ni kupigana tu."
UONGO. Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na mtoto wake lilitumbukia kivukoni Likoni, njia ya kila siku ya watu wa Kwale. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, wakisaidiwa na wapiga mbizi wengine, walilitafuta kwenye maji yenye giza na mkondo mkali hadi lilipotolewa siku ya 13. Hapakuwa na adui wala bunduki. Waliingia maji hayo ili watu waweze kuzika wapendwa wao.

"Kumshukuru mwanajeshi ni kuunga mkono vita."
UONGO. Januari 15, 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, Somalia. Miezi ikapita bila serikali kutangaza idadi ya waliouawa. Mtu anaweza kuhoji hatua ya kupeleka jeshi Somalia kwa sauti kubwa, na bado akaenda kumpa pole mama aliyefiwa. Tena kudai ukweli ni sehemu ya shukrani. Mke asiyejua kama mumewe yu hai au amekufa hajui aanze lini kukaa eda, na mzazi hajui kama aombe dua ya salama au asali sala ya ghaibu. Jamaa hao nao wanalitumikia taifa, ingawa hawajavaa sare.

"Kenya ina siku ya kuwakumbuka."
KWELI. Kila Oktoba 14 huadhimishwa Siku ya Jeshi la Ulinzi, kukumbuka operesheni Linda Nchi ya Somalia, iliyoanza Oktoba 2011. Lakini gwaride halimpelekei mjane unga, wala halimsaidii yatima kubaki shuleni. Hayo ni ya majirani.

Kwa hiyo, msomaji wa Kinondo, Galu, Gazi au Msambweni: waulize wazee ni nani wa ukoo wenu aliyekwenda keya, yaani jeshi la King's African Rifles la Waingereza, au kubeba mizigo ya vita, uliandike jina lake kabla halijapotea. Na kama kuna nyumba kijijini mwako iliyompeleka mtoto jeshini, au iliyofiwa naye, usingoje Oktoba. Kapige hodi wiki hii, uwajulie hali.