Kambale Husubiri Mvua, Tilapia Husubiri Joto

Kaskazini kidogo ya Ishango, Mto Semliki ukishatoka Ziwa Edward, kuna mahali panapoitwa Katanda. Mwaka 1995 wanaakiolojia Alison Brooks, John Yellen na wenzao waliandika katika jarida la Science kwamba walikuwa wamefukua hapo ncha za mifupa zilizochongwa meno ya kunasia samaki, na kwamba umri wake ni takriban miaka 90,000. Wapo wataalamu waliobishia umri huo. Mbele ya vyombo hivyo, hata ule mfupa maarufu wa Ishango, aliouchimbua Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950 na ambao hutajwa kila historia ya hesabu inapozungumzwa, ni wa juzi tu.

Ila jambo la kuvutia zaidi pale Katanda ni mabaki ya samaki yaliyolala pamoja na ncha hizo. Mengi ni ya kambale, tena kambale wakubwa, waliokomaa. Mvuvi wa kubahatisha hupata wakubwa kwa wadogo. Anayepata wakubwa watupu ameujua wakati: msimu ambao kambale huacha vilindi na kusogea kwenye maji mafupi kutaga mayai. Watu wa Semliki walikuwa wamekwisha kuchunguza uzazi wa samaki zamani mno kabla ya yeyote kufikiria kumfuga.

Siku hizi samaki wanafugwa. Huku Kivu ya Kaskazini, katika mabonde ya Beni, Oicha, Mangina na kandokando ya Butembo, pale palipokuwa na kinamasi na majani marefu, familia nyingi zimechimba mabwawa. Sababu zinaeleweka. Samaki wa Ziwa Edward hulazimika kusafiri kutoka vijiji vya wavuvi vya Kyavinyonge au Vitshumbi, na usalama wa barabara za huku hauhitaji kuelezwa kwa mtu anayezipita. Samaki aliye nyuma ya nyumba hapiti kizuizi chochote. Lakini wafugaji wana malalamiko mawili yanayopingana: mmoja husema samaki wake hawazai, mwingine husema wanazaa hadi bwawa limejaa vidagaa visivyofika hata nusu ya kiganja. Mara nyingi wa kwanza anaishi Butembo na wa pili Beni, na wote wawili wanafuga tilapia yuleyule.

Kati ya miji hiyo kuna kilomita hamsini na kitu tu, lakini ni kilomita za kupanda. Beni iko kwenye kimo cha mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Butembo imepita mita 1,700. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi takriban 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo asubuhi ya Butembo ina baridi ya nyuzi 3 au 4 zaidi ya ile ya Beni. Kwa binadamu hilo ni suala la koti. Kwa samaki, ambaye damu yake hufuata joto la maji, ni suala la kuzaa au kutozaa. Tilapia wa Nile, kitaalamu Oreochromis niloticus, hukua vizuri zaidi maji yakiwa na nyuzi 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 uzazi husimama. Yakikaribia 16 huacha kula, na yakifika 11 au 12 hufa. Bwawa lililochimbwa kivulini mwa mikaratusi ya Butembo, likilishwa na kijito kinachotiririka usiku na mchana, linaweza kukaa mwaka mzima likizungukia ule mpaka wa 20. Samaki wako hai, wanakula kidogo, wanakua polepole, na hakuna kinachotokea.

Kwenye maji yenye joto, kinachotokea kinastahili kutazamwa. Dume huchagua eneo chini ya bwawa na kuchimba kwa mdomo: anakumba tope, anaenda kulitema kando, anarudi. Matokeo yake ni shimo la mviringo kama bakuli. Bwawa likikaushwa, mashimo hayo huonekana yamepangana, kila moja na mwenyewe aliyekuwa akilinda mpaka. Rangi ya dume hubadilika, koo na mapezi hupata wekundu, naye hucheza mbele ya kila jike anayepita. Jike akikubali huteremka shimoni, hutaga mayai machache, hugeuka na kuyachota kinywani. Dume humwaga mbegu zake papo hapo, jike anazivuta nazo. Wanarudia hivyo mpaka mayai yaishe. Halafu jike huondoka, na dume hubaki akimngoja mwingine.

Kuanzia hapo mzigo wote ni wa jike. Hubeba mayai mamia kadhaa, hata zaidi ya 1,000 akiwa mkubwa, ndani ya kinywa kilichofumbwa. Huyageuzageuza ili maji yenye hewa yayapitie yote na ukungu usiyashike. Baada ya siku 3 hadi 5 hivi mayai huanguliwa, lakini vichanga havitoki. Vinaendelea kuishi humohumo kwa akiba ya kiini kilichoning'inia tumboni mwao. Huachiwa kuogelea baada ya wiki moja na nusu au mbili tangu kutagwa, na hata hivyo hatari ikitokea mama hufungua mdomo navyo hurudi mbio. Muda wote huo hali, au anakula kidogo mno. Ndiyo maana jike wa tilapia hukua taratibu kuliko dume wa umri wake: chakula ambacho kingekuwa minofu kinageuka mayai, na wiki ambazo angekula anazitumia kulea.

Hapa ndipo malalamiko ya Beni yanapoanza. Ziwani tilapia huzaa akiwa mkubwa, lakini akibanwa bwawani anaweza kukomaa akiwa na miezi mitatu au minne na uzito wa gramu 30 hadi 50. Tena karibu na Ikweta hakuna majira ya baridi ya kumsimamisha, kwa hiyo huzaa tena na tena. Bwawa lililoanza na samaki 200 hufikia maelfu, chakula ni kilekile, wote wanadumaa. Mfugaji anayejisifu kwamba samaki wake wamezaa sana anajisifia hasara.

Dawa ya kwanza ni kufuga madume peke yao, na kuwatambua hakuhitaji maabara. Samaki akishafika gramu 30 mgeuze tumbo juu, paka tone la wino au rangi ya chakula kwenye kichuchu kilicho karibu na pezi la nyuma, utazame: dume ana matundu mawili, la haja na jingine la mkojo na mbegu, jike ana matatu, kwa sababu mayai yana tundu lake. Kazi inachosha na makosa hutokea, lakini kijana mwenye macho mazuri huizoea upesi. Njia nyingine, inayotumika katika vituo vingi vya kuzalisha vifaranga duniani, ni kuwalisha vichanga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne, kabla jinsia yao haijatulia. Wengi huulizana kama samaki huyo anadhuru mlaji. Tafiti zimeonyesha kwamba mabaki ya homoni hupotea mwilini mwa samaki wiki chache baada ya kuacha chakula hicho, na samaki wa mezani huvuliwa miezi mingi baadaye. Anayestahili kuogopa ni anayeichanganya: poda ile inahitaji glavu na kitambaa cha kuziba pua, na maji ya vidimbwi vya vichanga hivyo hayafai kumwagwa kwenye kijito ambacho jirani anachota. Kwa bwawa la familia, hakuna sababu ya kufika huko. Wino unatosha.

Njia ya tatu ni ya zamani na pengine ya busara zaidi, nayo ni kutia kambale wachache bwawani. Watakula vifaranga vinavyozidi, halafu mfugaji atawala wao.

Kambale mwenyewe hana tabia hata moja ya tilapia. Hajengi shimo, habebi mayai, halei. Anaweza kukaa bwawani miaka, jike tumbo limejaa mayai, asitage hata moja, kwa sababu anangoja ishara ambayo bwawa halimpi: mvua kubwa, maji kupanda, ukingo wenye majani kufurika. Ishara ikija, usiku huohuo hupanda kwenye majani yaliyozama, hutaga mayai maelfu yanayonata kwenye nyasi, na kurudi zake. Katika maji ya nyuzi 25 au zaidi mayai huanguliwa kwa siku moja hadi moja na nusu. Mbio hizo zina maana, maana mafuriko hayangoji mtu. Ni usiku kama huo waliokuwa wakiuvizia watu wa Katanda.

Wazalishaji wa vifaranga hawangoji mawingu. Huchukua tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mmoja, huisaga katika maji ya chumvi safi, na kumdunga jike mwenye uzito unaokaribiana. Maji yakiwa na nyuzi 25, baada ya saa 11 hivi mayai yako tayari kukamuliwa kwa mkono. Mwili wa jike umedanganywa kuwa mvua imenyesha. Dume hana bahati hiyo: mbegu zake hazikamuliki, kwa hiyo huchinjwa ili zitolewe.

Ustadi wa kudanganya namna hii umefika hata kwa viumbe ambao watu wa Kivu ya Kaskazini hawana nafasi ya kuwaona. Mfanyabiashara wa Butembo anaijua Mombasa kwa makontena yanayopita Kampala na kuingilia Kasindi. Nje kidogo ya bandari hiyo kuna matumbawe, ambayo mtu akiyatazama haraka atadhani ni mawe. Ni wanyama. Kila tawi limejaa viumbe vidogo vyenye kinywa, vinavyoitwa polipu, na aina nyingi hubeba jinsia zote mbili. Huweza kuongezeka kwa kukatika tu, kipande kikaota mahali pengine. Wafugaji wa matumbawe majumbani Ulaya na Marekani huyakata kwa mkasi na kuyabandika kwa gundi. Kuzaa hasa ni jambo jingine. Usiku fulani, siku chache baada ya mwezi mpevu, polipu huachia vifurushi vya mayai na mbegu vinavyopanda juu ya maji. Wanasayansi wa Australia ndio walioushangaza ulimwengu mwaka 1984 kwa kueleza kwamba kwenye miamba yao aina nyingi hufanya hivyo katika siku chache zilezile za mwaka. Utafiti wa Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison huko Mombasa, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta hali tofauti: matumbawe ya Kenya hayaungani usiku mmoja, hutawanya uzazi wao katika miezi kadhaa. Karibu na Ikweta majira hayatofautiani sana, na huenda hiyo ndiyo sababu. Tilapia wa Beni asingeshangaa.

Jijini London, katika Jumba la Makumbusho la Horniman, Jamie Craggs na wenzake walieleza mwaka 2017 jinsi walivyofanya matumbawe yazae ndani ya matangi ya kioo, mbali kabisa na bahari. Kompyuta iliigiza macheo na machweo, kupanda na kushuka kwa joto la bahari kwa mwaka mzima, na taa hafifu ikachukua nafasi ya mwezi. Anayetaka kushuhudia jambo hilo nyumbani lazima atumie mwanga mwekundu, kwani mweupe huvuruga saa ya matumbawe, na lazima azime pampu, la sivyo mayai yote yataishia kwenye kichujio. Ni ufugaji wa gharama kubwa. Mwalimu wa biolojia wa Butembo anayetaka wanafunzi wake waone uzazi wa majini kwa macho yao hauhitaji: tangi la kioo la lita 200, mchanga chini, kipasha maji cha kushikilia nyuzi 27, dume mmoja wa tilapia na majike watatu. Shimo litachimbwa. Jike atakayeanza kukataa chakula huku koo limevimba ndiye mwenye mayai.

Ziwani hakuna wa kuwasha kipasha maji. Tilapia wa Edward huzaa na kulea kwenye ghuba na mwambao wa maji mafupi, na ndiyo maana taasisi ya ICCN inayosimamia Hifadhi ya Virunga imepiga marufuku kuvua kwenye mazalia hayo. Nyavu za matundu madogo na kokoro zinazoburutwa pwani huvuruga mashimo na kuwabeba majike ambao, wakitolewa majini, hutema mayai yote. Samaki mmoja wa namna hiyo sokoni ni mamia ambao hawatavuliwa mwakani. Mvuvi wa Kyavinyonge analijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Anayehitaji kukumbushwa ni mnunuzi anayefurahia bei ya vidagaa.

Na kwa anayetaka kuchimba bwawa mwaka huu, ushauri ni mmoja kabla ya kununua kifaranga chochote. Nunua kipimajoto. Kizamishe nusu mita kwenye maji ya bonde lako, alfajiri na saa tisa alasiri, kwa wiki mbili, uandike namba. Zikibaki juu ya 24, tafuta madume watupu au uongeze kambale. Zikishuka chini ya 20 kila alfajiri, kata miti inayotia kivuli, punguza maji yanayoingia yatoshe tu kufidia yanayopotea, kisha pima tena.