Utangulizi: Mkono Ufundishwe Kabla Mgonjwa Hajafika

Panga likimkata kidole kijana wa Moa, pwani ya Tanga, anayechonga madafu, kidole hicho hakifi papo hapo. Kikifungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa kwenye mfuko wa plastiki na mfuko ukalazwa juu ya barafu ileile ya kuhifadhia samaki, kitahimili saa kadhaa. (Kisiguse barafu yenyewe, huunguza nyama.) Adimu ni daktari ambaye mkono wake umezoea kushona mshipa wa damu wenye upana wa milimita moja, na kitabu hiki kinaeleza jinsi mkono huo unavyozoezwa.

Tusidanganyane: jeraha la baruti ya uvuvi haramu, ambao umeitesa pwani ya Tanga kwa miongo mingi, huponda mishipa kiasi kwamba mara nyingi hakuna cha kurudisha. Hata hapo, ujuzi huuhuu ndio unaohamisha nyama pamoja na mishipa yake kutoka sehemu nyingine ya mwili ili kufunika mfupa ulio wazi.

Mwaka 1902 Alexis Carrel, daktari wa Lyon, Ufaransa, alichapisha njia yake ya kushona mishipa. Ufundi wa sindano alijifunza kwa mama mtarizi wa mji huo. Mshona kofia wa Tanga, anayezungushia uzi kitobo kimoja kimoja bila kukunja kitambaa, angemwelewa upesi. Carrel alitia nyuzi tatu za kushikilia ili mdomo wa mshipa uvutike kuwa pembetatu, sindano isiunase ukuta wa pili. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1960, huko Vermont, Marekani, Julius Jacobson na Ernesto Suarez walionyesha kwamba chini ya hadubini hata mishipa midogo sana hushoneka. Mwaka 1965 Shigeo Komatsu na Susumu Tamai wa Nara, Japani, wakarudisha kidole gumba kilichokatika kabisa.

Mazoezi huanza na kipande cha glavu au mrija wa silikoni. Hivyo hufundisha kufunga fundo, basi. Mimi nimeweka imani yangu kwenye paja la kuku. Tenganisha misuli kando ya mfupa, utakuta ateri, veni na neva vimelala pamoja. Kata ateri, suuza damu iliyobaki, kisha punguza utando wa nje mdomoni, kwa sababu kwa mtu hai utando huo ukiingia ndani, damu huganda juu yake. Uzi wa nailoni namba 10-0 ni mwembamba kuliko unywele. Sindano iingie wima, ifuate mpindo wake. Mishono minane yatosha.

Sasa pima. Pitisha maji ya rangi kwa bomba la sindano: yakichuruzika, mishono imeachana, yasipopita, huenda umeshona kuta mbili pamoja. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapopotea. Pasua mshipa kwa urefu, ufungue, utazame ndani chini ya hadubini. Ukingo uliokunjamana, uzi uliolegea, nafasi zisizolingana, vyote vitajionyesha. Mwalimu anayehesabu makosa hayo anapima kweli. Anayesifu mshono kwa kuutazama juujuu anabahatisha.

Kuku aliyechinjwa hana mapigo ya moyo wala damu inayoganda, kwa hiyo panya wa maabara, mwenye ateri ya paja ya takriban milimita moja, bado anahitajika. Hata hivyo, tangu mwaka 1959 wanasayansi William Russell na Rex Burch walitutaka tutafute mbadala wa wanyama, tupunguze idadi yao na tuwapunguzie maumivu. Kwa maoni yangu, asiyeweza kupitisha maji bila kuvuja katika paja la kuku, tena na tena, hana haki ya kumgusa panya.

Daktari kijana uliyeko hospitali ya Bombo, Muheza au Mkinga, usingoje maabara ijengwe. Kama hadubini haipo, anza na miwani ya kukuza. Na kila mshipa utakaoushona, upasue uutazame kabla ya kushona mwingine.