Dunia Izungukapo, Upepo Hupinda

Watoto wa Goma, mwezi wa Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, katika Msumbiji, kikaua mamia ya watu. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kingine, Hidaya, kikafika pwani ya Tanzania, karibu na kisiwa cha Mafia. Je, kimbunga cha namna hiyo chaweza kuzaliwa kwetu? Pengine mtajibu: hapana, kwa kuwa bahari iko mbali. Mmesema kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mzunguko wa dunia.

Fanyeni hivi. Kateni karatasi ngumu iwe duara, mkaitie msumari katikati juu ya ubao, ipate kuzunguka. Mmoja aizungushe polepole, kama mishale ya saa iendavyo. Mwingine avute kalamu ya risasi toka katikati mpaka ukingoni, akifuata rula isiyosogea. Mkono umekwenda sawasawa, lakini tazameni alama: imepinda kushoto! Ndivyo ufanyavyo upepo katika nusu ya kusini ya dunia. Hewa yakimbilia katikati ya kimbunga, yapinda, haifiki, basi yabaki kuzunguka. Upande wa kaskazini hupinda kuume.

Duara lenu ni mfano wa dunia penye ncha zake. Mtu asimamaye kwenye ncha ya kusini hugeuzwa pale pale kama pia, mara moja kwa siku. Kwetu sivyo. Ikweta yapita kati ya Lubero na Butembo, na Goma iko kilometa 185 hivi kusini yake. Sisi twachukuliwa kwenda mashariki, kilometa 1,670 hivi kwa saa (wala kofia haziruki, maana hewa yaenda pamoja nasi), lakini karibu hatugeuzwi. Kwa hiyo upepo wetu haupindi sana, na vimbunga vikubwa ni nadra mno kuzaliwa karibu hivi na Ikweta. Dhoruba za Ziwa Kivu ni za namna nyingine: huja ghafula na ngurumo, hupita upesi, nazo zaweza kupindua mtumbwi.

Wataalamu nao wana duara lao. Katika miaka ya 1950, huko Chicago, Dave Fultz alizungusha beseni la maji, ukingo ukiwa wa moto kama Ikweta, katikati pakiwa baridi kama ncha. Lilipozunguka polepole, maji yalitulia katika njia yake. Lilipokwenda mbio, yalifanya mawimbi. Siku hizi hutumia kompyuta. Humo dunia ikipunguzwa mwendo, hewa ya moto ya Ikweta hufika mbali kabla ya kushuka. Ikiongezwa mwendo, hushuka karibu, na pepo hugawanyika kuwa mikanda mingi.

Sayari Mshtarii huzunguka kwa muda usiotimia saa 10, na mawingu yake yana mistari kama punda milia. Zuhura, tumwonaye jioni nyingine upande wa Sake, huchukua siku 243, wala hana mistari hiyo. Lakini mawingu yake humzunguka kwa siku 4 hivi, mbio kuliko nchi iliyo chini yake, na wataalamu wangali wakitafuta sababu yake yote.